SDS ndani ya kapilari: namba nne za CMC moja

Maabara moja inataka kutenganisha mchanganyiko wa kampaundi zisizo na chaji kwa elektroforesisi ya kapilari, yaani kuvuta vitu kwa umeme ndani ya mrija mwembamba sana. Uga wa umeme peke yake hauwezi kazi hiyo. Kampaundi zisizo na chaji hubebwa zote kwa pamoja na mtiririko wa elektro-osmosisi, yaani mwendo wa mmumunyo wote unaosababishwa na volteji, na kufika kwenye kigunduzi zikiwa kilele kimoja. Mwaka 1984 Shigeru Terabe na wenzake huko Japani walionyesha njia ya kutokea: tia sufaktanti (kemikali ya jamii ya sabuni) kwenye bafa, yaani mmumunyo unaoshikilia pH, hadi iunde miseli: vifundo vidogo vya molekuli zilizokusanyika, mikia ikiwa ndani na vichwa vikiwa nje. Miseli zenye chaji hasi huvutwa kwenda kinyume na mtiririko, na kila kampaundi huchelewa kulingana na muda inaokaa ndani ya miseli.

Sufaktanti iliyochaguliwa ni sodiamu dodesili salfeti, yaani SDS. Bafa ni tetraborati ya sodiamu ya milimola 10 kwa lita, pH karibu 9.2, joto nyuzi 25. Kapilari ni ya silika, kipenyo cha ndani mikromita 75, urefu sentimita 60. Swali linalomkabili mpimaji ni jepesi kulitamka: katika bafa hii, miseli zinaanza kuundwa SDS ikifika ukolezi gani? Ukolezi huo ndio wanakemia huuita CMC.

Karatasi ya matokeo ina namba nne. Kitabu kinasema 8.2. Hesabu iliyofanywa kabla ya kipimo ilitoa 5.4. Mstari wa ucheleweshaji wa naftalini, kampaundi isiyo na chaji iliyotumika kama kiashiria, ulikata mhimili kwenye 2.6. Grafu ya mkondo wa umeme ilipinda mahali fulani karibu na 4. Zote ni milimola kwa lita, zote za sufaktanti ileile. Vipimo ninavyovitaja hapa ni vya kisa cha mfano, nimevipanga vifuate tabia inayojulikana ya SDS na upitishaji wake wa umeme. Thamani za vitabuni ni zilezile zinazopatikana vitabuni.

Msimamo wangu niuseme mapema: CMC si sifa ya SDS peke yake. Ni sifa ya mmumunyo mzima uliomo ndani ya kapilari, pamoja na chumvi zake, joto lake na kila kilichoyeyushwa humo. Elektroforesisi ya kapilari ina thamani kubwa hapa kwa sababu hupima mmumunyo huohuo utakaotumika kazini, wala si ndugu yake aliye kwenye maji safi.

Namba ya kitabu

Thamani ya 8.2 ni sahihi, ila ni ya maji matupu kwenye nyuzi 25. Mukerjee na Mysels, katika mkusanyo wao mkubwa wa mwaka 1971, waliorodhesha thamani nyingi za SDS zilizopimwa kwa njia mbalimbali, na yeyote anayepitia orodha hizo anaona jinsi chumvi inavyozishusha. Ukitia kloridi ya sodiamu ya mola 0.02, CMC hushuka hadi karibu 3.8. Kwenye mola 0.03 huwa karibu 3.1, na kwenye mola 0.1 hufika karibu 1.5.

Sababu iko kwenye vichwa vya molekuli. Mikia ya SDS, yenye kaboni 12, inakimbia maji na inataka kukusanyika. Vichwa vya salfeti vina chaji hasi na vinasukumana. Miseli huundwa pale faida ya mikia kujificha inapozidi gharama ya vichwa kubanana. Ioni za sodiamu zikiwa nyingi kwenye maji, zinajikusanya kuzunguka vichwa na kupunguza ule msukumano. Gharama inashuka, kwa hiyo miseli zinaanza mapema. Corrin na Harkins waliliweka jambo hili kwenye mlinganyo mwaka 1947: logi ya CMC hushuka kwa mstari ulionyooka kadiri logi ya ukolezi wa ioni pinzani (zile zenye chaji kinyume na ya vichwa, hapa sodiamu) inavyopanda.

Uharibifu wa kutumia 8.2 kwenye bafa yenye chumvi si mdogo. Tuseme mpimaji anachagua SDS ya milimola 10. Kwa namba ya kitabu, SDS iliyoko kwenye miseli ni milimola 1.8 tu. Kama CMC halisi ni 3.9, iliyoko kwenye miseli ni 6.1, zaidi ya mara tatu. Ucheleweshaji wa kila kampaundi unakwenda sambamba na kiasi hicho, basi utabiri wote wa nyakati za vilele unaporomoka.

Namba ya hesabu

Namba 5.4 ilitokana na mlinganyo wa aina ya Corrin na Harkins, na mlinganyo hauna kosa. Kosa liko kwenye kilichoingizwa. Aliyehesabu alisoma "bafa ya milimola 10" akaandika sodiamu milimola 10. Lakini kila kizio cha tetraborati ya sodiamu kina sodiamu mbili. Bafa hii ina sodiamu milimola 20 kabla hata SDS haijaguswa. Ukiingiza 20 badala ya 10, ukaongeza na sodiamu inayoletwa na SDS yenyewe, hesabu inashuka kutoka 5.4 hadi karibu 3.9.

Kinachotawala CMC ya SDS ni sodiamu, na jina la bafa kwenye chupa halisemi sodiamu ni kiasi gani. Fosfeti iliyorekebishwa pH kwa hidroksidi ya sodiamu inaongezewa sodiamu kila tone linapodondoka, na tone hilo mara nyingi haliandikwi popote. Maabara mbili zinaweza kuandika bafa ileile kwenye ripoti zao na bado zikawa na CMC mbili tofauti bila yeyote kupima vibaya. Ningependa kila ripoti ya aina hii itaje ukolezi wa sodiamu waziwazi, mbele ya pH.

Onyo la pembeni kuhusu potasiamu: usiiweke karibu na SDS. Dodesili salfeti ya potasiamu haiyeyuki vizuri kwenye nyuzi 25. Mmumunyo unatia ukungu, fuwele zinaziba kapilari, na mkondo unaanguka hadi sifuri. Bafa zote za kazi hii ziwe za sodiamu tangu mwanzo.

Namba ya naftalini

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, kwa sababu 2.6 ilitoka kwenye kipimo halisi chenye mstari mzuri unaoridhisha macho.

Njia yenyewe ni hii. Unapitisha naftalini kwenye mimumunyo yenye SDS tofauti. Unapima wakati wa naftalini, wakati wa kiashiria cha mtiririko kama asetoni ambayo haiingii kwenye miseli kwa kiasi cha maana, na wakati wa kiashiria cha miseli zenyewe, yaani rangi kama Sudan III ambayo hukaa ndani ya miseli karibu muda wote. Kutoka nyakati hizo tatu unapata kipimo cha ucheleweshaji: uwiano kati ya naftalini iliyo ndani ya miseli na iliyo nje. Kiasi hiki hupanda kwa mstari ulionyooka pamoja na SDS iliyozidi CMC. Ukiurefusha mstari kurudi nyuma hadi ucheleweshaji uwe sifuri, unapokata mhimili ndipo CMC ilipo.

Mpimaji alitumia SDS za milimola 10, 20, 30, 40 na 50, volteji kilovolti 25. Pointi tano zilikaa karibu na mstari. Lakini tuangalie mkondo wa mmumunyo wa 50: mikroampea 55. Zidisha kwa kilovolti 25, unapata wati 1.4 zinazotoka kwenye uzi wa sentimita 60, yaani wati 2.3 kwa kila mita. Kapilari inayopozwa kwa hewa haiwezi kutoa joto lote hilo bila ndani yake kupanda nyuzi kadhaa juu ya 25 zilizowekwa kwenye mashine. Mmumunyo wa 10 ulipitisha mkondo mdogo zaidi na ukapata joto dogo zaidi. Kwa hiyo pointi tano hazikupimwa kwenye joto moja.

Joto likipanda, muda wa naftalini majini huongezeka kidogo, na muda wake ndani ya miseli hupungua kidogo. Ucheleweshaji kwenye ncha ya juu ya mstari unapungua kuliko unavyostahili, na mstari unainama kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni. Mstari ulionyooka ukilazimishwa kupita kwenye pointi zilizoinama namna hiyo, unalala. Ukiurefusha kurudi nyuma, unakata mhimili upande wa kushoto wa mahali sahihi. Pointi ya 50 iko mbali na CMC, na umbali huo unaipa nguvu kubwa ya kuhamisha kikato: kosa la asilimia chache huko juu linageuka kuwa kosa la asilimia 30 huku chini.

Dalili ilikuwepo, na inapatikana kwa dakika chache. Jaza kapilari kwa mmumunyo mzito kuliko yote, panda na volteji hatua kwa hatua, chora mkondo dhidi ya volteji. Sheria ya Ohm inadai mstari ulionyooka. Pale mkondo unapoanza kupanda haraka kuliko volteji, joto limeingia. Kipimo hicho kilipofanywa, mstari uliacha kunyooka juu kidogo ya kilovolti 15. Kazi ilirudiwa kwa kilovolti 10, ambapo joto linalotoka hata kwenye mmumunyo wa 50 ni chini ya wati 0.4 kwa mita, na kwa SDS za kati ya 5 na 15 pekee. Kikato kikawa 3.8.

Kuna jambo la pili linalohusu naftalini ambalo watu hulipita haraka. Kiashiria kinachofaa ni cha kadiri. Kikiwa kinapenda maji sana, hakihisi miseli hadi ziwe nyingi mno. Kikiwa kinakimbia maji kupita kiasi, kama Sudan III, kinafanya mambo mawili mabaya: kinashika kuta za kapilari pale miseli zinapokosekana, na kinaweza kuwa kiini ambacho molekuli za SDS hujikusanya juu yake kabla CMC haijafika. Hapo unapima CMC uliyoisababisha mwenyewe. Naftalini iko katikati, na kwa SDS ni chaguo zuri. Iyeyushwe kwenye mmumunyo uleule unaojaza kapilari, kwa kiasi kidogo sana, ili tone la sampuli lisije na mazingira yake tofauti.

Kwa pointi zilizo karibu na CMC, mimi hupendelea kuachana na ucheleweshaji na kuangalia kasi. Chukua kasi ya naftalini, toa kasi ya mtiririko, gawa kwa uga wa umeme. Chini ya CMC jibu ni sifuri, kwa kuwa naftalini haina chaji wala haina cha kupanda. Juu ya CMC jibu linakwenda upande wa hasi. Njia hii haihitaji kiashiria cha miseli, na hilo ni jambo kubwa, maana karibu na CMC miseli ni chache na kiashiria chake ndicho kinachosumbua kuliko vyote. Kwa hatua za nusu milimola kutoka 2 hadi 7, thamani zilibaki sifuri hadi 3.5, zikaanza kuondoka polepole, na kutoka 4.5 kwenda mbele zikashuka wazi. Mistari miwili ilikutana kwenye 3.9.

Asitokee mtu akachora wakati wa kilele pekee. Kila unapoongeza SDS unaongeza ioni, na ioni hupunguza mtiririko wa elektro-osmosisi. Naftalini itachelewa hata pasipo miseli hata moja, na grafu itaonyesha mpindo ambao hauna uhusiano wowote na kuundwa kwa miseli. Kutoa kasi ya mtiririko ndiko kunakoondoa udanganyifu huo.

Namba ya mkondo

Njia ya nne haina kiashiria, haina kilele, wala haihitaji taa ya urujuanimno. Cifuentes na wenzake waliieleza mwaka 1997: jaza kapilari kwa mmumunyo, washa volteji, soma mkondo, rudia kwa mmumunyo unaofuata. Kapilari ya kisa hiki inameza mikrolita 2.7 tu kwa mjazo mmoja, basi hata sufaktanti adimu sana inapimika.

Kinachoonekana ni upitishaji umeme. Kabla ya CMC, kila SDS inayoongezwa inaleta ioni mbili huru, sodiamu na dodesili salfeti. Baada ya CMC, nyongeza inaingia kwenye miseli, na miseli ya SDS yenye molekuli zipatazo 60 hushikilia sehemu kubwa ya sodiamu zake isiondoke. Wabebaji huru wa chaji wanaongezeka polepole zaidi, na mteremko wa grafu unapungua.

Kwenye maji matupu mabadiliko haya ni makali, kwa sababu mkondo wote unatoka kwa SDS. Mpimaji alianza na jaribio hilo, na ni uamuzi ninaousifu: SDS kwenye maji safi, kilovolti 10, na mpindo ukatokea kwenye 8.1. Mashine, kapilari na unga wa SDS vyote vikathibitishwa kwa pamoja dhidi ya thamani inayojulikana dunia nzima.

Kwenye bafa picha inafifia. Bafa peke yake inapitisha karibu mikroampea 12. Chini ya CMC kila milimola ya SDS inaongeza karibu 0.5, juu ya CMC inaongeza karibu 0.2. Tofauti ya mikroampea 0.3 inatafutwa juu ya msingi wa 12, kwenye mashine inayoonyesha hadi 0.1. Kutazama kwa macho kulitoa "karibu na 4", na mtu mwingine akiangalia grafu ileile angeweza kusema 3.5 au 4.5 bila kukosea.

Dawa yake ni uvumilivu. Mkondo usomwe baada ya kutulia, kila mmumunyo usomwe mara kadhaa, mimumunyo ipimwe kwa mpangilio uliochanganywa ili joto la chumba likipanda taratibu lisijifanye mteremko. Kisha toa mkondo wa bafa tupu kwenye kila usomaji kabla ya kuchora. Kwa utaratibu huo mistari miwili ilikutana kwenye 4.0, na utata wa karibu 0.3 kila upande.

Kuhusu usafi wa SDS: unga wa zamani, au uliowahi kukaa kwenye asidi, una dodekanoli iliyotokana na SDS kuvunjika. Dodekanoli hujikusanya kwenye uso wa maji, ndiyo maana grafu ya mvutano wa uso ya SDS chafu ina bonde karibu na CMC badala ya kona safi. Mkondo wa umeme hauoni uso, kwa hiyo hausumbuliwi kiasi hicho. Hata hivyo dodekanoli huingia kwenye miseli na kuzisaidia kuundwa mapema. Ile 8.1 ya maji safi ndiyo inayotupa imani kwamba unga huu haukuwa na kiasi cha kutisha.

Uamuzi

Baada ya marekebisho tunazo 3.8 kutoka ucheleweshaji, 3.9 kutoka kasi, 4.0 kutoka mkondo, na 3.9 kutoka hesabu yenye sodiamu sahihi. Njia hizi za kipimo hazioni kitu kilekile. Naftalini inaona kama kuna mahali pa kujificha. Mkondo unaona chaji ngapi ziko huru. Kuundwa kwa miseli hakutokei kwenye pointi moja kali, kunatanda kwenye ukanda mwembamba wa ukolezi, na kila njia inachagua sehemu yake ya ukanda huo. Tofauti ya 0.1 au 0.2 kati ya njia ni ya kawaida kabisa na haihitaji kufichwa kwa kukokotoa wastani. Tofauti ya zaidi ya milimola 1, kama ile 2.6, ni dalili ya hitilafu ambayo lazima itafutwe.

Kama ningelazimika kuchagua moja kwa bafa hii, ningechukua ya kasi. Inapima jambo lenyewe ambalo utenganishaji unalitegemea, kwenye bafa yenyewe, na msingi wake ni sifuri halisi badala ya mikroampea 12 za bafa. Kwa sufaktanti yenye chaji chanya kama CTAB nisingeikimbilia haraka hivyo: hiyo hutandaza tabaka kwenye kuta za silika na kugeuza mwelekeo wa mtiririko hata kabla ya CMC yake, ambayo kwenye maji ni karibu 0.9, basi mtiririko wenyewe unayumba katika eneo lilelile unalolichunguza. Huko mkondo ungetangulia.

Ripoti ya maabara iliandikwa hivi: CMC ya SDS ni milimola 3.9 kwa lita, kwenye tetraborati ya sodiamu milimola 10, sodiamu ya bafa milimola 20, nyuzi 25, kilovolti 10, kwa kasi ya naftalini. Mkondo wa umeme umetoa 4.0. Kwa kazi ya utenganishaji ilichaguliwa SDS ya milimola 25, ambapo karibu milimola 21 ziko kwenye miseli. Mpango wa hatua inayofuata ni kutia asetonitrili, kiyeyushi cha kikaboni, ili kuharakisha vilele vya mwisho, na kwa mmumunyo huo mpya kipimo kitarudiwa chote, kuanzia na grafu ya Ohm.